Makopa, karanga, samaki na kiporo: maswali tunayoulizwa sana huku Kusini kuhusu chakula salama

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, nimekulia Newala, kusini mwa Tanzania, juu uwandani na sasa hivi nazunguka zaidi Mtwara Mjini na Mikindani. Maswali haya ndo yale yale naulizwa kila nikipita, kliniki, kisimani, msibani, hata kwenye bodaboda. Nimeyaweka pamoja ili mtu akikwama asome mwenyewe au amsomee mama yake. Nimeongea sana kuhusu muhogo, naomba mnivumilie, kwetu huku bila muhogo hakuna nyumba inayopika.

Chakula salama si ni kunawa mikono tu na kufunika sahani?

Kunawa ni muhimu na ntakurudisha huko mbele, ila sio kila hatari ni kijidudu. Kuna sumu inayotoka kwenye mmea wenyewe kama muhogo mchungu, kuna sumu ya ukungu kwenye karanga na mahindi, kuna dawa za mikorosho, kuna samaki wenye sumu mwilini, na hizi zote haziondoki kwa sabuni, na nyingine haziondoki hata ukichemsha masaa matatu. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 600 duniani wanaugua kila mwaka kwa sababu ya chakula kibaya na 420,000 wanakufa, na katika hao 125,000 ni watoto wa chini ya miaka mitano. Kwahiyo ukisikia mtoto "tumbo tu" usilichukulie poa.

Muhogo tumekula tangu enzi za mabibi zetu, leo ndo mnasema una sumu?

Bibi zetu walijua kabisa kuwa una sumu, ndo maana walikuwa na utaratibu wake mrefu. Tatizo ni kwamba sisi tumebaki na muhogo tukaacha utaratibu.

Iko hivi. Ndani ya muhogo kuna kitu kinaitwa linamarini, na pembeni yake kwenye seli kuna kimeng'enya, yaani kitu kinachoivunja. Ukikwaruza, ukitwanga au ukiloweka muhogo vile viwili vinakutana, linamarini inavunjika na inatoa sayanidi, ndo sumu yenyewe, ambayo inapaa kama hewa. Yaani kutwanga na kuloweka ndo kunafungulia sumu mlango itoke. Muhogo mchungu unayo nyingi, mtamu kidogo, lakini mwaka wa ukame hata ule tuliozoea kuuita mtamu sumu inapanda, na hapa ndo watu wanapokosea, wanasema "huu wa kwangu najua, watoto wanatafuna mbichi kila siku" kumbe mvua ilikata mapema mwezi wa pili na muhogo haupo tena kama mwaka jana.

Sasa angalia mazingira yetu. Sehemu zenye mito watu wanaloweka muhogo siku tatu au zaidi mpaka ulainike, na hiyo ni njia nzuri sana. Uwanda wa Makonde maji yako mbali chini bondeni, mama yangu alikuwa anatoka alfajiri na ndoo anarudi jua limeshapanda, nani atapoteza maji ya kunywa akaloweke muhogo? Ndo maana kwetu tukawa watu wa makopa, unamenya, unaanika juani, basi. Sio ujinga, ni kukosa maji. Ila ni njia inayobakiza sumu nyingi.

Makopa yangu yamekaa juani wiki nzima yamekauka mpaka yanalia kama kuni. Bado tu yana sumu?

Ndio, yanaweza kuwa nayo. Kukauka sio kutoka sumu. Ukianika muhogo mzima au vipande vikubwa, seli nyingi hazijapasuka, kile kimeng'enya hakikukutana na linamarini, na maji yakishaisha kazi inasimama pale pale. Ukikata vipande vyembamba vikakauka haraka sana nayo sio dawa maana kazi haikupata muda. Kutwanga au kukwaruza ukiwa bado mbichi halafu ndo uanike kunapunguza sana kuliko kuanika mzima. Kuvundika, yaani kurundika na kufunika mpaka uchachuke, nako kunasaidia.

Na ile njia ya njaa, ya kuchimba asubuhi, kutwanga, kuanika masaa machache na kusonga jioni, hiyo ndo mbaya kuliko zote. Mwaka 1988 wilaya ya Masasi kulikuwa na ukame na watu wengi waliumwa ghafla baada ya kula muhogo ulioandaliwa haraka haraka hivyo. Njaa inamfanya mtu ale kabla ya wakati, na sumu inamkuta tumbo likiwa tupu.

Nasikia kuna njia ya kulowanisha unga. Nielekeze taratibu.

Hii naipenda kuliko yote kwa sababu maji yake ni kidogo na hata bibi wa uwandani anaiweza. Aliyeifanyia kazi ni mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury, na imefundishwa kwenye vijiji vya Kusini vilivyopata konzo, ugonjwa wa kupooza miguu nitakaoueleza hapo chini.

Chukua unga wako wa makopa weka kwenye beseni, usawazishe, halafu weka alama ya mkaa ndani ya beseni pale unga ulipoishia. Anza kumimina maji kidogo kidogo huku unachanganya kwa mkono. Utaona unga unashuka chini ya alama, usishtuke, endelea, baadae utaanza kupanda tena, ukirudi kwenye ile alama acha, maji yametosha. Unga hapo ni wa kushikana mkononi kama mchanga wa baharini maji yakishatoka. Utandaze kwenye mkeka au jamvi safi, uwe mwembamba usizidi sentimita moja, kwenye jua masaa mawili, kama ni kivulini masaa matano. Halafu songa ugali wako siku hiyo hiyo.

Mambo mawili watu wanakosea. La kwanza wanarundika unga mnene kama rundo la udongo, sumu haitoki. La pili wanalowanisha wa wiki nzima, unachacha na kuota ukungu, umetoka sumu moja umeingia nyingine. Lowanisha wa leo tu.

Mama mmoja Tandahimba alinibishia kweli kweli, akasema ugali utakuwa mlaini hauna nguvu. Tukasonga pale pale kwake, sufuria mbili, mmoja wa unga uliolowanishwa na mwingine wa kawaida. Alionja ule wa kwanza akanyamaza kidogo akasema "huu hauna ule uchungu wa kooni". Uchungu wenyewe alikuwa ameuzoea mpaka akadhani ndo ladha ya muhogo.

Konzo ndo ugonjwa gani? Mbona wengine wanasema ni kurogwa?

Konzo ni kupooza miguu. Mtu analala mzima anaamka miguu imekakamaa, au anatoka shamba anaanguka njiani, na inakuja ghafla, mara nyingi ndani ya siku moja. Magoti yanagongana, anatembelea vidole, wengine hawasimami kabisa. Wanaopata zaidi ni watoto na kina mama. Haiambukizi. Na haiponi, miguu hairudi kama zamani. Jina limetoka Kongo, kwenye lugha ya Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa, na huko iliandikwa na daktari tangu 1938. Hapa Tanzania ilitokea Tarime mwaka 1985 wakati wa ukame, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikatukuta sisi Mtwara.

Inampata mtu aliyekula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri wiki na wiki huku hana mboga ya maana. Mwili una namna yake ya kuivunja sayanidi lakini unahitaji protini, hasa zile zenye salfa ndani, na mtu anayekula ugali wa muhogo na chumvi asubuhi na jioni hana hiyo akiba. Kwahiyo kunde, mbaazi, njugu mawe, choroko, dagaa, mayai, hivi sio anasa. Inaniuma sana nikiona nyumba imelima mbaazi magunia kadhaa ikauza zote mpaka ya mwisho halafu watoto wanakula ugali mtupu. Bakiza debe moja jamani.

Kuhusu kurogwa, naelewa kwanini watu wanasema hivyo. Mtoto jana alikuwa anacheza mpira leo hasimami, na mara nyingi wanaumwa wawili watatu nyumba moja, lazima utafute mkono wa mtu. Lakini nyumba moja inakula sufuria moja. Mtoto wa namna hii mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, kwanza kwa sababu kuna magonjwa mengine ya kupooza kama polio ambayo lazima serikali ijue haraka, kwenye polio mguu unalegea, kwenye konzo unakakamaa. Na hata kama ni konzo, mazoezi ya viungo na magongo yanamsaidia mtoto kurudi shule. Msimfiche ndani.

Mtu akilewa muhogo nitamjuaje na nifanye nini?

Masaa machache baada ya kula anaanza kizunguzungu, kichwa, kichefuchefu, anatapika, tumbo linauma, mwili unaisha nguvu. Wakiumwa wengi waliokula pamoja shaka iondoke. Usikae kujaribu maziwa au mafuta, tafuta usafiri nenda kituo cha afya, mtoto ndo wa kwanza kupanda. Sema wazi kwamba amekula muhogo na umeandaliwaje, ukisema "tumbo tu" atapewa dawa ya tumbo.

Kisamvu je?

Majani yana sumu kuliko hata mizizi, ila kisamvu kikitwangwa vizuri mpaka kilainike kabisa na kuchemshwa ukiacha mfuniko wazi kinakuwa salama, na ni mboga nzuri sana. Tatizo ni kisamvu cha kukatakata kwa kisu na kuchemsha juu juu. Twanga.

Chumvi inahusiana nini na muhogo?

Sana. Sumu ya muhogo mwilini inageuka kitu kinachoshindana na madini joto, na mtu asiye na madini joto ya kutosha anapata tezi la shingo, na mama mjamzito anahatarisha akili ya mtoto aliye tumboni. Sasa sisi tunakula muhogo mwingi na hapo hapo pwani yetu Lindi, Kilwa na Mtwara ina mashamba ya chumvi, watu wananunua ile ya kwenye salfeti kwa kopo moja kwa moja kutoka shambani. Chumvi ya bahari ikitoka hivyo haina madini joto ya kutosha mpaka iongezewe. Nunua iliyoandikwa ina madini joto, ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko mbali na jua na moshi, na iweke kwenye chakula mwishoni ukikaribia kuepua.

Karanga zimeota ukungu kidogo, nikizikaanga si ukungu unakufa?

Ukungu unakufa, sumu inabaki. Hiyo ndo sumukuvu, na moto wa jikoni hauiwezi. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu waliugua kwa sumukuvu, zaidi kwenye mahindi, 68 waliugua na 20 wakafa. Hiyo ni ile ya kuua haraka. Ile ya kidogo kidogo kila siku ndo inaleta saratani ya ini baada ya miaka, hasa kwa mwenye homa ya ini ya virusi B, na hakuna mtu atakayekumbuka karanga.

Karanga ikiwa imesinyaa, imebadilika rangi, imetobolewa na mdudu au ina uchungu, itupe, usimpe kuku. Na kuna tabia moja naomba tuiache, ya kulowesha karanga na maganda yake ili zibanduke kirahisi wakati wa kumenya. Najua vidole vinauma, nimemenya sana mimi. Lakini ule unyevu ndo chakula cha ukungu, karanga iliyotoka shamba ikiwa nzima unaiharibu mwenyewe usiku mmoja. Kausha juu ya turubai sio chini kwenye udongo, hifadhi juu ya chaga, gunia lisiguse ukuta wala sakafu.

Unga wa lishe wa mtoto je, tunaambiwa tuchanganye karanga?

Changanya, ila chambua kwanza kwa mkono moja moja. Kitu nimekiona sokoni zaidi ya mara moja: karanga nzuri zinauzwa nzima, zile mbovu zilizobaki kwenye ungo zinasagwa, na zikishasagwa huwezi kuzijua tena. Halafu unga huo unaenda kwa mtoto wa miezi nane, ambaye mwili wake mdogo na anakunywa uji huo huo asubuhi, mchana na jioni. Mimi nashauri karanga za mtoto zinunue nzima, chambua nyumbani, peleka mwenyewe mashine. Saga kidogo wa wiki mbili tatu, usisage debe.

Mifuko ya salfa, ile dawa ya kupuliza mikorosho, ikioshwa si inafaa kuhifadhia makopa?

Hapana. Wala mifuko ya salfa hiyo ya ubwiri unga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho), wala chupa za viuatilifu vya maji, hata ukiosha mara saba. Kuna chupa zinatolewa bure kwa majirani kuwekea mafuta ya kula au maji ya mtoto wa shule, tafadhali zitoboe ili zisitumike tena, usizichome jikoni. Na msimu wa kupuliza mikorosho funika kisima, anua vyombo na chakula kilichoanikwa, nawa na ubadilishe nguo kabla hujashika mtoto au chakula.

Samaki nitamjuaje mzima, na mbona wakati mwingine samaki hanuki lakini watu wanawashwa?

Jicho lang'ae, shavu la ndani liwe jekundu, nyama ukiibonyeza irudi. Lakini jodari na vibua wana mambo yao, wakikaa juani bila barafu tangu mashuani hadi sokoni wanatengeneza kitu kinaitwa histamini, ambacho hakinuki na hakiondoki kwa kukaanga. Mtu anakula, baada ya dakika chache uso unakuwa mwekundu, anawashwa, kichwa kinagonga, anasema ana aleji ya samaki kumbe samaki alikosa barafu. Kwahiyo ukienda feri, soko la samaki, usiangalie bei tu, angalia kama kuna barafu.

Dagaa nunua wale wa kwenye vichanja. Wale wa kuanikwa mchangani wanakaushwa pale pale wanapopita mbuzi na mbwa, wapembue, waoshe na wachemshe vizuri.

Kasa na bunju?

Usile. Bunju, yule samaki anayejivimbisha, sumu yake haitoki kwa kupika, inapoozesha mpaka pumzi. Kasa, yule kobe wa baharini, analindwa na sheria kwanza, huku kwetu Mnazi Bay tuna hifadhi ya bahari kabisa, na pili nyama yake mara nyingine inakuwa na sumu na huwezi kumjua kwa kumtazama. Mwezi wa tatu 2024 kisiwani Panza, Pemba, walikufa watoto wanane na mtu mzima mmoja kwa nyama ya kasa. Anayekwambia "sisi tumekula miaka yote" anasema kweli yake, ila sio kasa wote wana sumu, ndo maana inawadanganya watu. Mama anayenyonyesha akila, mtoto anaipata kwenye maziwa.

Pilau la unyago limepikwa usiku, tunakula mchana. Kuna shida?

Ipo kubwa. Wali ukibaki wa uvuguvugu kwenye sufuria kubwa masaa mengi unaota vijidudu vinavyotoa sumu, na sumu hiyo ukipasha haitoki. Pika karibu na muda wa kula. Kikibaki, gawa kwenye masinia ili kipoe haraka, kama kuna friji weka ndani ya masaa mawili, kikitoka pasha mpaka kitoe mvuke kote sio kingo tu. Kama hakuna friji, na shughuli nyingi za vijijini hakuna, waite majirani wale usiku ule ule. Kipimo cha wapishi wakubwa ni hiki, cha moto kiwe juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya 5, hapo katikati ndo wadudu wanazaana.

Na kuku mbichi asikatiwe kwenye kibao cha kachumbari. Hili peke yake limelaza watu wengi kwenye sherehe.

Mtoto anaharisha tangu jana, nimpe nini?

ORS, ile dawa ya pakiti ya kurudisha maji mwilini, pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi, usipunguze maji ili "iwe kali", mpe kidogo kidogo kila mara na ukishapita siku moja mwaga utengeneze nyingine. Ongeza vidonge vya zinki siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekata, utapewa kituoni. Endelea kunyonyesha na kumlisha. Ukiona macho yameingia ndani, hana machozi, amelegea, kuna damu, anatapika kila kitu au anaharisha maji kama ya kuoshea mchele, usisubiri asubuhi.

Nikiona muuzaji anauza chakula kibovu nimwambie nani?

Anza na afisa afya wa kata, ndo kazi yake na yuko karibu. Chakula cha viwandani, kilichopita muda au hakina lebo, tangu 2019 kiko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Kwa ushauri wa afya piga 199, ni bure. Ila muuzaji wa jirani jaribu kuongea nae kwanza kwa heshima, mama lishe wengi hawana maji ya bomba pale walipo na wanaosha sahani hamsini kwa ndoo mbili. Pale karibu na stendi kuna mmoja tulimchangia wateja wake pipa lenye koki na sabuni, siku hizi anawawekea watu maji ya kunawa kabla hawajaagiza.